Madigadi ya Kushoto

“Gari linalala nje au ndani?”

“Nje,” Sajini alisema.

“Chini ya mti?”

“Chini ya mti.”

“Ndege wapo?”

“Wapo wengi.”

“Unaliosha mara ngapi kwa wiki? Usinidanganye, dada. Hapo ndipo wateja wote wanaponidanganya.”

Sajini alifikiri. “Tuhesabu kwa mwezi.”

Fundi aliguna, akachuchumaa na kumulika tochi ubavuni mwa gari. Alikuwa mtu mwembamba, suruali yake imefungwa kwa kamba ya kitambaa. Hakuvaa mkanda, saa wala pete. Kitu chochote cha chuma mwilini, alisema baadaye, kitakwaruza gari la mtu siku usiyotarajia. Mtaa mzima ulimwita Kioo, na jina hilo lilikuwa limechorwa getini kwa herufi kubwa kuliko namba yake ya simu.

Sajini hakuwa amevaa sare, na alikuwa bado hajajitambulisha. Alikusudia kufanya hivyo mara tu akishuka, lakini Kioo alimtangulia kwa maswali, na miaka kumi na mmoja ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kutomkatiza mtu anayezungumza kazi yake.

“Sikiliza,” Kioo alisema. “Ukikaa hapa kila mteja atakuambia umpe seramiki, kwa sababu ameisikia kwa jirani. Mimi naanza na nta. Nta inang’aa vizuri na haina makuu, ila ukiosha kwa sabuni kali mara tatu nne, kwaheri. Iko dawa ya chupa ya kiwandani, hiyo inafika miezi sita. Halafu ndiyo seramiki. Inashikana na vanishi, inakuwa ngozi ya pili, miaka miwili, mitatu. Maji hayakai juu yake. Yanajikunja matone na kukimbia.”

“Basi si ndiyo nzuri?”

“Ni nzuri kwa mavi ya ndege, utomvu na jua. Jiwe likiruka barabarani haizuii kitu. Ukiambiwa inazuia mawe, mwambie huyo muuzaji akutolee gari lake ulirushie moja.”

“Na kinachozuia mawe?”

“Filamu. Ni plastiki angavu, nene kama ukucha wa mtoto, tunaibandika mbele ambako mawe yanafikia. Boneti, bampa, madigadi zote mbili za mbele, haya mabati ya juu ya matairi. Lakini wewe huhitaji, dada. Gari hili limeshakula mawe yake yote. Nitalipaka nta, na utaniahidi kulihamisha pale mtini.”

Sajini alifungua mkoba wake, akatoa kifuko cha ushahidi kilichofungwa kwa lakiri na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake kulikuwa na kipande kiangavu cha plastiki, ukubwa wa stempu, ukingo mmoja umechanika.

“Filamu yenyewe inafanana na hii?”

Kioo hakukigusa. Aliangalia kifuko, akaangalia lakiri na namba ya jalada, kisha akamtazama Sajini usoni kwa mara ya kwanza.

“Kumbe afande,” alisema. “Na mimi hapa nakuuliza habari za ndege.”

*

Wiki tatu nyuma, Jumanne ya tarehe nne, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, kulikuwa na ukungu. Mzee mmoja mshona viatu, aliyeitwa Mzee Soli na watu wote waliowahi kukatikiwa na kiatu mjini, alikuwa akiendesha baiskeli kwenda kwenye kibanda chake. Gari lilimgonga kwa mbele, upande wa kushoto, likaondoka. Alivunjika nyonga na mbavu mbili, na hakukumbuka kitu baada ya kufunga mlango wa nyumba yake.

Dereva wa gari la mkate ndiye aliyempeleka hospitali. Jina lake la mtaani lilikuwa Siagi. Alisema alimkuta mzee amelala barabarani, akasimamisha gari, akamlaza juu ya makreti ya mkate na kukimbia naye. Damu ilikutwa ndani ya gari lake. Baiskeli ilikuwa na mchubuko wa rangi ya kijivu, na gari la mkate lilikuwa la kijivu. Kwenye mkono wa breki ya baiskeli kulinaswa kipande cha plastiki, na askari wa zamu alikiandika kwenye fomu kwa maneno haya: kipande cha nailoni, yaonekana cha mfuko wa mkate.

Kisha alikuwapo shahidi. Mwenye duka la miwani, mtu anayeheshimika, alikuwa akipita kwa miguu, na alisema ameliona gari la mkate likimgonga mzee kabla dereva hajashuka.

“Shahidi ni mtu wa miwani,” Mkuu wa Upelelezi alimwambia Sajini wiki ile. “Unataka macho ya nani tena?”

Asubuhi hii, siku moja kabla ya kesi, Sajini alikuwa amekwenda kwenye kiwanda cha mkate kwa sababu moja ndogo. Alitaka kuona mifuko yenyewe. Mama mmoja wa kitengo cha kufungasha alikitazama kifuko cha ushahidi na kucheka.

“Huu mfuko wetu? Mfuko wetu ukiukunja unalia kama majani makavu. Hebu kiminye hicho, mwanangu. Kinalia?”

Sajini alikikunja humohumo ndani ya kifuko. Hakikulia. Kilinyumbuka na kurudi.

“Hicho ni kama plastiki ya kwenye simu,” yule mama alisema. “Tafuta wanaobandika.”

*

“Mbele ya kifuko utaona uso laini,” Kioo alisema, akitumia kioo cha kukuzia alichokitungua ukutani. “Nyuma kuna gundi, na kwenye gundi kuna kijivu. Hicho kijivu ni rangi ya gari, imeng’oka na filamu. Hiyo haitoki kwa kuvuta taratibu. Ilipigwa.”

“Una uhakika ni filamu? Siwezi kukufungulia kifuko. Kinakwenda kwa mkemia.”

“Usifungue. Nitakuonyesha ya kwangu.”

Alikata ukanda kutoka kwenye bunda lililosimama pembeni, akaubandika juu ya mlango chakavu alioutumia kufundishia wateja. Akachukua brashi ya waya na kuusugua mpaka ukajaa mikwaruzo. Kisha akamimina maji ya moto kutoka kwenye birika la chai. Mikwaruzo ilififia, na baada ya muda haikuwapo.

“Inajiponya,” alisema, na uso wake ukawa wa mtu anayemwonyesha mgeni mtoto wake. “Mwambie mkemia ajaribu hivyo kwenye kona ndogo. Mfuko wa mkate utasinyaa. Hii itajiponya.”

Sajini aliandika. “Hapa mjini nani anabandika?”

“Mimi.”

“Na mwingine?”

“Mwingine ni mimi nikiwa na mafua. Wengine walijaribu wakaacha, viputo vilijaa. Nimebandika magari manne tu tangu nianze.”

“Ya kijivu mangapi?”

Kioo alichukua kitambaa kikavu, akafuta brashi ambayo haikuwa na uchafu.

“Afande, huyo dereva wa mkate ataachiwa?”

“Kesho saa tatu anasimama mbele ya hakimu. Wenzake mahabusu wamemshauri akubali kosa apunguziwe kifungo. Mkewe anajifungua mwezi ujao. Nadhani atakubali.”

“Kosa ambalo hakufanya?”

“Ndiyo maana nakuuliza ya kijivu mangapi.”

Kioo alikwenda kwenye rafu na kushusha sanduku la bati la biskuti. Ndani kulikuwa na kadi zilizopangwa kwa namba za magari, kila moja imechorwa gari dogo lililoonekana kutoka juu, na juu ya kila kipande cha bati imeandikwa namba.

“Kila gari likiingia napima unene wa rangi kabla sijaligusa,” alieleza. “Nikikosea nikalipiga polishi mahali pembamba, nafika kwenye chuma. Rangi ya kiwandani inacheza mia, mia na ishirini. Ukiona zaidi ya mia mbili, hapo pamepigwa rangi tena.”

Alitoa kadi moja, akaishikilia bila kumpa.

“Moja,” alisema. “Mama yangu anasoma kwa miwani aliyompa huyu mtu. Hakutaka hata asante. Na ndiye mteja wangu wa kwanza. Nilipokuwa naosha magari kwa ndoo pale kona, alinipa gari lake na funguo zake akaenda zake kazini.”

Kisha akampa.

Ingizo la kwanza lilikuwa la mwaka jana: filamu, boneti na bampa na madigadi zote mbili za mbele. Ingizo la pili lilikuwa la mwezi huu, tarehe kumi na tatu, Alhamisi. Sajini alilisoma mara mbili.

*Filamu haipo. Mteja kaitoa mwenyewe. Boneti 112. Madigadi ya kulia 110. Mlango wa kushoto 118. Madigadi ya kushoto 264, rangi mbichi. Seramiki gari zima isipokuwa madigadi ya kushoto: nta. Arudi baada ya mwezi nimalizie, bure.*

“Kwa nini uliiruka madigadi?”

“Rangi mpya inapumua, afande. Dawa yake inatoka polepole, wiki nne, tano. Ukiifunga kwa seramiki kabla haijamaliza, inaingia ukungu na kutoa malengelenge. Nta inaiacha ipumue.”

“Alisema nini ulipomwambia?”

“Alikasirika, na si kawaida yake. Alisema amekwaruza getini, amepigiwa rangi na mtu wa mji mwingine, na anataka gari zima lipakwe kitu kimoja ling’ae sawasawa. Nikamuuliza, filamu nayo umeitolea nini? Akasema imegeuka njano.” Kioo alitikisa kichwa. “Filamu yangu! Mwaka mmoja igeuke njano! Sikulala vizuri siku ile.”

“Ukafanya nini?”

“Nilifanya alichotaka, kasoro hiyo madigadi.” Aliinama. “Alipokuja kuchukua nilimwambia, gari liko tayari, bosi. Sikumwambia zaidi. Nilipanga nimpigie mwezi ukiisha. Ukitazama kwa macho huoni tofauti. Niandikie na hilo, kwamba nilimficha.”

“Nitaandika,” Sajini alisema. “Kabla ya tarehe kumi na tatu, gari hili lilifika hapa lini mara ya mwisho?”

“Kadi ndiyo hiyo. Mwaka jana.”

“Halikuja hapa tarehe tatu au nne ya mwezi huu?”

“Likija linaingia kwenye kadi. Hata langu nimeliandikia.”

Sajini alifungua jalada kwenye maelezo ya shahidi na kutafuta mstari aliokuwa akiukumbuka. Aliukuta ukurasa wa pili: *Siku hiyo nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu kwa sababu gari langu lilikuwa kwa Kioo, linapakwa kinga.* Mwandiko ulikuwa wa Sajini. Aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe, akayafunga kwenye jalada, na kwa wiki tatu hakumpigia fundi simu hata moja kuuliza. Mtu aliyetoa maelezo alikuwa shahidi, na gari la shahidi halikaguliwi.

Alipigia mstari kwa penseli.

*

Mkuu wa Upelelezi alisikiliza huku akila karanga moja moja.

“Kwa hiyo unataka nimwambie hakimu kwamba rangi ya gari imenenepa.”

“Nataka hati ya upekuzi, Mkuu.”

“Nta, sijui seramiki, sijui filamu. Huyu Kioo mwenyewe je? Kama ndiye aliyegonga akachukua kadi na kuandika?”

“Gari lake ni jekundu. Na kadi inasema alipima tarehe kumi na tatu. Nitapima leo mbele ya shahidi mwingine. Kama namba hazifanani, nitarudisha hati nikiwa nimeinamisha kichwa.”

“Mtu anaweza kukwaruza getini.”

“Anaweza. Lakini hawezi kuwa kwa fundi siku ambayo hakuwa kwa fundi.”

Mkuu alitafuna. Aliuvuta ukurasa wa pili, akausoma, akamtazama. “Karatasi hii ni yako.”

“Ni yangu.”

“Na uliipitisha.”

“Niliipitisha.”

“Na mimi niliisaini.” Akapukuta maganda mikononi. “Saa tisa hii. Nenda mwenyewe kwa karani wa mahakama kabla hajafunga. Ukichelewa, dereva wako kesho anakubali kosa na mimi na wewe tunabaki na karanga.”

Sajini alipita kwanza mahabusu. Siagi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, amekunja miguu ili mwenzake apate nafasi ya kunyoosha ya kwake. Alikuwa mnene alipoingia. Shati lilikuwa sasa linamning’inia.

“Mzee anaendeleaje?” aliuliza. Ndilo swali lake la kwanza kila siku.

“Wamemkalisha leo. Kesho usikubali kitu.”

“Dada, wanasema nikikubali ni miaka miwili. Nikikataa ni saba. Mtoto wa miaka miwili utamwambia baba alisafiri. Wa miaka saba utamwambia nini?”

“Nina hadi jioni. Kesho ukisimama, kabla hujafungua mdomo, nitazame. Nikitikisa kichwa hivi, utasema si kweli. Utaweza?”

Siagi aliinua uso.

“Nitakutazama,” alisema.

*

Mtu wa miwani alikuwa nyumbani. Siku za Jumanne duka lilifungwa saa nane. Alikuwa mrefu, mpole, na miwani yake mwenyewe alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso. Aliwakaribisha Sajini na konstebo aliyefuatana naye barazani, akaleta viti viwili, akarudi kuleta cha tatu.

“Nimekuja kuhakikisha maelezo kabla ya kesho,” Sajini alisema. “Ni utaratibu.”

“Hakuna shida. Masikini yule mzee. Nimepeleka matunda mara mbili.”

“Siku hiyo ulikuwa kwa miguu.”

“Kwa miguu, ndiyo. Gari lilikuwa kwa Kioo.”

“Tangu lini?”

“Tangu Jumatatu. Siku moja kabla. Ile kazi inachukua siku tatu hivi, anasugua, anapaka, anasubiri ikauke.”

“Alipaka nini?”

“Seramiki.” Alitabasamu. “Gari zima. Nilikuwa na filamu zamani, nikaona haina haja.”

Sajini aliandika kila neno, akamsomea, akampa kalamu. Mtu wa miwani alishusha miwani machoni, akasoma mwenyewe kwa makini na kusaini chini. Konstebo akasaini kama shahidi.

Hapo ndipo Sajini alipotoa hati ya upekuzi na kumwita Kioo kutoka garini.

Kioo aliingia ameshika kipima unene kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. “Habari za mchana, bosi,” alisema, na hakuinua macho.

“Kioo? Kuna nini?”

“Gari liko wapi?” Sajini aliuliza.

Lilikuwa uani, chini ya kivuli cha bati, la kijivu, safi. Karibu na bomba kulikuwa na ndoo na pakiti ya sabuni ya unga ya kufulia. Kioo aliiona pakiti hiyo, akafumba macho kidogo.

“Bosi, hii nilikukataza.”

“Inatoa uchafu vizuri.”

“Inatoa kila kitu.”

Sajini alifungua bomba, akajaza ndoo maji matupu na kumpa konstebo. “Mimina taratibu kwenye boneti. Anzia katikati.”

Maji yaligusa boneti yakavunjika matone. Matone yalijikunja, yakaviringika, yakakimbilia ukingoni na kuanguka, na nyuma yao bati likabaki kavu. Konstebo akasogea kwenye madigadi ya kulia. Matone yakakimbia vilevile. Akazunguka hadi mlango wa kushoto, nao ukayafukuza.

“Sasa hapo mbele yake,” Sajini alisema.

Kwenye madigadi ya kushoto maji yalitandaa. Hayakujikunja. Yalikaa kama maji kwenye sahani, yakateremka kwa uvivu kama shuka moja pana, na mengine yakabaki hapohapo. Mstari ulionekana wazi mahali mlango ulipokutana na madigadi, kana kwamba mtu ameuchora kwa rula.

Kioo alikausha bati kwa kitambaa, akaweka kipima juu yake. Kikalia mara moja.

“Mia mbili sitini na nne,” konstebo alisoma.

“Boneti.”

“Mia moja kumi na mbili.”

Sajini aliinua kadi ili mtu wa miwani aisome. Namba zilikuwa zilezile. Yeye alikuwa akimtazama Kioo.

“Nilikuambia upake gari zima.”

“Ilikuwa mbichi, bosi.”

“Nilikuambia gari zima!”

“Ingeharibika.” Sauti ya Kioo ilikuwa ndogo. “Nisingeweza kukuharibia gari.”

“Ni geti,” mtu wa miwani alimwambia Sajini. “Nilikwaruza getini. Kupiga rangi si kosa.”

“Si kosa. Tarehe nne gari lilikuwa wapi?”

“Nimeshasema.”

“Umesema na umesaini. Tangu Jumatatu tarehe tatu, kwa Kioo. Kioo, gari hili lilifika kwako lini?”

“Alhamisi. Tarehe kumi na tatu.”

“Lilikuwa na filamu mbele?”

“Halikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeibandika mwaka jana, na siyo mimi niliyeitoa.”

Sajini aliweka kifuko cha ushahidi juu ya boneti kavu. “Kipande hiki kilinaswa kwenye breki ya baiskeli ya Mzee Soli. Tulikiita mfuko wa mkate. Mjini kuna gari moja tu la kijivu lililokuwa na filamu hii, na mwenyewe aliitoa yote baada ya siku ile. Nakuuliza mara ya mwisho kabla sijakukamata. Tarehe nne gari lilikuwa wapi?”

Mtu wa miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha, akaivua tena.

“Nilisimama,” alisema. “Nataka uandike kwamba nilisimama.”

“Kwa muda gani?”

“Simu ilianguka miguuni. Niliinama. Ukungu ulikuwa mzito, halafu nikasikia… Nilisimama. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni. Hakusogea. Nikajua amekufa.”

“Hakufa.”

“Nilijua amekufa. Nikaingiza gari nyumbani, nikarudi kwa miguu. Nilitaka kuona kama kuna msaada. Nikakuta kijana wa mkate anamwinua, watu wanaanza kukusanyika, na mmoja akaniuliza, wewe umeona nini?” Aliweka miwani mfukoni. “Sikuwa nimepanga kusema. Nilisema tu. Kisha wewe ukaja na daftari, ukaandika.”

“Niliandika,” Sajini alisema. “Na leo naandika tena.”

Konstebo alimshika mkono. Walipofika getini mtu wa miwani aligeuka.

“Kioo. Mwambie mama asiache kuja kupimwa. Jicho la kushoto linahitaji kuangaliwa kila miezi sita. Msaidizi wangu anaweza.”

Kioo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa bado ameshika kitambaa, na bila kujua alikuwa akikausha madigadi ya kushoto.

*

Kesho yake saa tatu, Siagi aliposimama kizimbani alimtazama Sajini kwanza. Sajini alitikisa kichwa. Lakini haikuhitajika. Mwendesha mashtaka alisimama kabla Siagi hajaulizwa kitu, akasema upande wa serikali unaondoa shitaka, na jambo lote likachukua dakika nne.

Gari la mkate lilikuwa uani nyuma ya kituo, mahali lilipowekwa wiki tatu nyuma. Vumbi lilikuwa limegeuka tope na kurudi kuwa vumbi. Mke wa Siagi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, mkono mmoja tumboni. Pembeni yake alisimama Kioo na ndoo mbili.

“Huyu nani?” Siagi alimuuliza mkewe.

“Anasema anataka kuliosha. Nimemwambia tunataka kwenda nyumbani, amegoma.”

“Nyumbani baadaye,” Siagi alisema. “Kwanza hospitali. Nilimwacha mzee mlangoni pa wodi, hata kumuaga sikumuaga.”

“Hamwendi wodini na gari hili,” Kioo alisema. “Dakika ishirini. Linalala nje au ndani?”

Siagi aliliangalia gari lake, akaangalia dirisha dogo la mahabusu juu ya ukuta.

“Wiki tatu limelala nje,” alisema. “Mimi ndiye niliyelala ndani.”

Mkewe alianza kucheka, akashika mbavu, akaendelea kucheka mpaka akafuta machozi. Kioo hakucheka. Alikuwa ameshatoa kadi mpya na kalamu, anazunguka gari na kipima chake, akiinama kila kona na kuandika. Sajini alimsubiri amalize, kisha akanyoosha mkono, naye akampa.

Aliisoma taratibu, kama ambavyo angepaswa kulisoma gari lenyewe wiki tatu nyuma.

*Gari la mkate, kijivu. Linalala nje. Kinga: nta. Madigadi ya kushoto 121, ya kiwandani. Mibonyeo kumi na saba. Yote ya zamani.*